Tableti ya watoto inayoongea: nimeifungua, haina maiki

Mimi ni fundi wa redio na simu, kibanda changu kiko karibu na Luthuli Avenue, Nairobi. Hii tableti ya plastiki isiyo na skrini, yenye picha za wanyama na herufi, ile inayotaja jina la kitu mtoto akibonyeza, hupita sana mezani kwangu siku hizi. Nyumbani kwetu, mtaa wa Umoja, tunayo pia, zawadi ya shangazi yake binti yangu, ambaye sasa ana mwaka mmoja na nusu.

Kwa uundaji, sina neno. Plastiki ni nene, kona zimeviringishwa, na mlango wa betri umefungwa kwa skrubu, jambo la lazima kwa mtoto anayetia kila kitu mdomoni. Inatumia betri tatu za AA. Yetu imeanguka kutoka mezani, imemwagiwa uji, na bado inaimba. Stima ikipotea haina habari. Mjini inauzwa kama shilingi 1,500, ukijua kuongea na muuzaji unashuka kidogo. Udhaifu ni sauti: kuna ngazi mbili tu, na hata ile ya chini inasikika hadi kwa jirani.

Shida yangu ni maneno yaliyo kwenye kasha, kwamba inakuza lugha ya mtoto kuanzia miezi 12. Niliyasoma nikachukua bisibisi. Ndani kuna bodi moja ndogo, spika, nyaya, na utando wa mpira unaogusanisha saketi picha inapobonyezwa. Maiki hakuna. Kifaa cha kumfundisha mtoto kuongea hakina uwezo wa kusikia hata neno moja la huyo mtoto.

Tazama inavyokuwa wakati wa kucheza. Binti yangu anabonyeza bata. Sauti ya mwanamke inataja jina kwa Kiingereza, kisha mlio. Mtoto anageuka, ananitazama usoni, anasema "ba." Hapo amefanya kazi kubwa sana: ameona, amesikia, kisha akatafuta mtu wa kumwambia. Anachohitaji ni mtu aseme, "Eeh, bata! Bata yuko majini," halafu anyamaze angoje arudishiwe. Lakini kabla sijafungua mdomo kidole kimeshafika kwa ng'ombe, mlio mwingine umeanza, na ile "ba" imepotelea hewani. Nimewaangalia na wageni wetu pia. Wakikaa naye na tableti, wanatabasamu na kukiacha kifaa kiseme kwa niaba yao. Mke wangu ni muuguzi, na siku moja aliniambia kutoka jikoni, "Baba, zima hiyo kitu tumsikie mtoto."

Jambo hili limepimwa. Anna Sosa wa Chuo Kikuu cha Northern Arizona, Marekani, alirekodi wazazi 26 nyumbani kwao wakicheza na watoto wao wa miezi 10 hadi 16. Walicheza na vitu vya betri vinavyoongea, na vya kawaida kama vipande vya mbao na maumbo ya kupachika, na pia vitabu vya picha. Matokeo yalichapishwa 2016. Kwenye vitu vya betri wazazi walisema maneno machache zaidi na kuwajibu watoto mara chache zaidi, na watoto wenyewe walitoa sauti kidogo kuliko walipokuwa na vitabu. Vile vitu vilikuwa vikisema muda wote, lakini mazungumzo yalipungua.

Wazazi wengi ninaozungumza nao walinunua tableti hii ili kumtoa mtoto kwenye katuni za runinga. Nia yao ni nzuri: Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini kabisa. Ila kuondoa skrini hakutoshi. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake walichapisha jaribio la watoto wa Kimarekani wa miezi tisa waliosikilizishwa Kichina cha Mandarin. Waliochezewa na kusomewa na mtu aliye mbele yao walijifunza kutofautisha sauti za lugha hiyo. Waliosikia sauti hizo kwa kanda, au kuwaona watu hao kwenye runinga, hawakupata kitu.

Kwa hivyo mwalimu wa lugha nyumbani kwetu ni dada anayetusaidia kazi. Akiambua njegere sakafuni, binti yangu hukaa kando yake. Anampa ganda moja, anamwambia ni nini, anangoja. Mtoto akisema lolote, hata mlio tu, anamjibu kama mtu mzima mwenzake: "Kweli? Halafu?" Anamsemesha Kikamba, sisi tunamsemesha Kiswahili, na mtoto anapokea vyote. Inaniuma ninapomsikia mzazi akimkataza nyanya kumsemesha mjukuu kwa lugha yake, eti atachelewa Kiingereza cha shule, halafu anamwachia mtoto tableti. Nyanya anasikia na kujibu. Hicho ndicho mtoto anachohitaji.

Kwa mtoto wa miaka minne au mitano sina ubaya nayo. Wa jirani yetu anaimba nayo herufi, na asipoelewa anakimbia kuuliza mamake. Huyo tayari ana mdomo wa kudai majibu. Wa mwaka mmoja bado anaujenga.

Kwa uimara naipa nyota nne kati ya tano. Kwa kazi iliyoandikwa kwenye kasha naipa moja. Kama mnayo tayari, msiitupe: picha zake ni kubwa na safi, swichi iko nyuma. Izime, mpakate mtoto, yeye aguse, wewe utaje, kisha ungoje zaidi ya unavyodhani inatosha, maana mtoto mdogo huchukua muda kupanga jibu. Kama bado hujanunua, pitia kwanza kwa wauza vitabu vya mitumba mjini. Kwa hiyo 1,500 utapata vitabu kadhaa vya picha vyenye kurasa ngumu, na hutanunua betri.