Boti ya chuma iliyoundwa Kizota, Dodoma: tathmini ya mkaguzi wa yadi

Mpwa wangu na kikundi chake cha wavuvi wa bwawa la Mtera walitaka boti ya chuma ya mita 7, wakaniomba nisimame upande wao hadi iingie majini. Nilikubali palepale. Utumishi wangu wote katika jeshi la wanamaji ulikuwa huo: ofisa mhandisi anayewekwa kwenye yadi ya wajenzi, akikagua meli ya jeshi tangu mkuku, yaani uti wa chini wa chombo, unapolazwa hadi majaribio ya mwisho. Yadi inaitaka saini yako ili ilipwe awamu inayofuata. Mabaharia watakaosafiri na meli hiyo hawapo pale kujitetea, kwa hiyo wewe ndiye unayewasemea.

Karakana tuliyoichagua iko Kizota, eneo la viwanda. Riziki yao kubwa ni mageti, matangi ya maji na bodi za malori. Boti walizounda ni chache. Niseme mapema kwamba ningewapa kazi tena, isipokuwa ya rangi.

Tulianza na mabamba. Kwenye meli ya jeshi kila bamba huja na cheti cha kiwandani na namba iliyogongwa kwenye chuma chenyewe. Mkuu wa mafundi aliniambia waziwazi, "Afande, sisi tunanunua dukani, cheti hatupewi." Basi tukapima unene kwa kalipa, pembe zote. Bamba moja la milimita 4 halikufika 4. Aliliita gari na kulirudisha dukani kwa gharama yake, bila kubishana na mtu. Mita moja ya mraba ya bamba la milimita 4 ina uzito wa kilo 31 na ushee, na muuzaji anayepunguza unene amekupunja kilo na umri wa boti kwa pamoja.

Kwenye kuchomelea ndiko waliponifurahisha sana. Bamba jembamba hujikunja likipata moto mwingi mahali pamoja, na fundi mwenye haraka huishia na boti yenye mbavu za ng'ombe wa kiangazi. Hawa walishikiza kwanza kwa vidoto vya kuchomelea, wakaanza katikati ya boti kuelekea omo na tezi, yaani mbele na nyuma, mshono mfupi kulia, mfupi kushoto, chuma kikipata muda wa kupoa. Hakuna aliyewafundisha habari za meli. Wameyajua hayo kwenye matangi.

Kisha nikaomba jaribio la zamani ambalo bado naliamini: mshono unapakwa chokaa upande wa nje, ndani unapakwa mafuta ya taa, halafu mnasubiri. Mafuta ya taa hupenya hata penye tundu lisiloonekana kwa jicho, na chokaa huonyesha doa. Madoa yalitokea karibu na fashini, nguzo ya nyuma ya boti. Kijana aliyechomelea pale alichukua fimbo ya kuchomelea ili aongeze chuma juu yake. Mkuu wake akamshika mkono, akampa grenda: "Kata mpaka uone chuma safi, ndipo uchomee upya." Nimewahi kukaa kwenye yadi kubwa zenye mashine za eksirei nikilumbana siku nzima kuhusu jambo hilohilo. Hapa sikuhitaji kufungua kinywa.

Kuhusu Mtera yenyewe ilibidi niwaeleze. Lile ni bwawa la umeme kwenye Ruaha Mkuu. Kimo cha maji yake hushuka kutoka mita 698.5 juu ya usawa wa bahari hadi 690, na yakishuka, miti iliyozamishwa hukaribia uso wa maji. Tuliongeza bamba la pili chini ya mkuku na kizuizi cha kulinda propela. Walifanya vizuri.

Tulivutana kwenye vyumba vya hewa. Boti ya chuma ikijaa maji huzama, haielei kama ya mbao, kwa hiyo nilitaka vyumba viwili vilivyozibwa kabisa, mbele na nyuma. Karakana iliona ni gharama bure, na hata wavuvi walitaka nafasi ya samaki. Sikulegeza. Wala hawakuwa na njia ya kujua boti ibebe watu wangapi. MV Nyerere, feri iliyopinduka karibu na Ukara, Ziwa Victoria, Septemba 2018, ilikuwa na uwezo wa kubeba watu 101 na ilibeba zaidi ya mara mbili ya hapo. Kule Mtera tulipanga mifuko ya mchanga, tukaihamisha ubavu mmoja kwenda mwingine, tukisoma mwinamo kwa timazi. Idadi ya watu imeandikwa kwa rangi ubavuni, herufi kubwa.

Sasa hiyo rangi. Walipiga praima, rangi ya kwanza, juu ya vumbi la grenda, jioni, upepo wa Dodoma ukivuma, na baada ya muda mfupi ilibanduka kwa kucha. Mtu akiniambia Dodoma haihusiani na meli, mimi humtajia Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande, ikapandishwa reli ya kati na kupita hapahapa kwenda Kigoma, ikashushwa ziwani Februari 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani waliizamisha wenyewe, lakini kwanza wahandisi wake walizipaka mashine grisi nzito. Iliinuliwa 1924, na 1927 ikarudi kazini. Kukinga chuma na maji ni nusu ya uhandisi wa meli, na karakana hii bado inaona ni kazi ya kibarua. Tulikwangua yote, tukampa mpaka rangi mwingine.

Bei hukadiriwa kwa kilo za chuma, ufundi unaongezwa juu yake, na wanataka nusu kabla ya kuanza. Walichelewa, ila walipiga simu kabla hatujawauliza. "Mjomba, hawa angalau wanasema," mpwa wangu aliniambia, na ni kweli.

Ukienda, nenda na mchoro wako na kalipa yako. Andikeni kwenye makubaliano kwamba rangi haigusi mshono wowote kabla ya jaribio la mafuta ya taa, na malipo ya mwisho yasubiri ukaguzi wa TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini.