Ajenti wa forodha anayelichunguza jiwe kwanza

Wanaojenga Shela na Mkomani, hapa Lamu, wananiuliza kila mara ni nani aliyenitolea bandarini ile travatini ya Uturuki, jiwe la asili la jamii ya chokaa, na kama ada yake inalipika. Jina silianiki hapa kwa kuwa mwenyewe hakunipa ruhusa. Anayelitaka apite dukani Langoni. Huduma yake ndiyo nitakayoieleza, na nampa nyota nne kati ya tano. Ile ya tano kaipoteza kwa makosa yake, nitayafikia.

Mzigo ulikuwa kontena la futi 20. Vigae vya travatini vya sentimita 30.5 kwa 30.5, unene sentimita 1.2, vya mabafu na ukingo wa bwawa la kuogelea, pamoja na maboksi ya mozaiki ya marumaru iliyobandikwa kwenye wavu. Mteja ndiye aliyetaka. Mimi bado naona ukuta wa nyumba ya Amu ukipakwa niru, ile lipu laini ya chokaa, vizuri hauna haja ya jiwe la kigeni, lakini mwenye bafu ndiye mwenye neno.

Ajenti tuliyekuwa tukimtumia zamani alikuwa akisoma ankara, akiona "vigae", anaandika 6907 basi. Namba hiyo, kwenye kitabu cha ushuru wa forodha, ni ya vigae vya seramiki, udongo uliochomwa tanuuni. Jiwe la asili lina sura yake nyingine kabisa, ya 68. Na tofauti hii si ya makaratasi tu: tangu Julai 2022 Jumuiya ya Afrika Mashariki ina ngazi ya nne ya ushuru wa forodha, ya asilimia 35, juu ya zile za 0, 10 na 25, na bidhaa za seramiki ni miongoni mwa zilizopandishwa huko. Ukiliita jiwe seramiki, unahukumiwa kwa kanuni za seramiki. Tena mkaguzi akifungua kontena akakuta kilichomo sicho kilichoandikwa, mzigo unasimama, na siku za bure za bandari hazikungojei.

Huyu wa sasa, ujumbe wake wa kwanza baada ya salamu ulikuwa: "Dadangu, nitumie picha ya ukingo, si ya uso." Nikamuuliza ukingo wa nini tena. Akasema vigae vya kisasa vya seramiki vinachapwa mishipa ya marumaru juu kama kitambaa, ukitazama uso unadanganyika. Ukingoni mchapo unakatika na udongo unaonekana, ilhali kwenye jiwe mishipa inapenya hadi chini. Nilikuwa na sampuli mbili dukani. Akaniambia nivunje kona ya kila moja na nikamulie ndimu palipovunjika. Travatini ikatoa povu dogo, jeupe, na ukiinamisha sikio unalisikia likichemka. Sampuli ya pili, iliyoletwa na muuzaji mwingine kwa jina hilo hilo la travatini, ikakaa kimya. Ilikuwa seramiki. Mawe ya jamii ya chokaa hutoa gesi yakikutana na asidi. Seramiki haifanyi hivyo, wala graniti.

Hata hivyo hakuridhika na ndimu. Povu linaonyesha jiwe ni la jamii ya chokaa, halisemi kama ni travatini au jiwe lingine la jamii hiyo, na kwenye kitabu cha ushuru hayo yametenganishwa. Akadai barua ya kiwanda inayotaja jiwe ni lipi, limechimbwa wapi na limefanyiwa nini.

Hilo la "limefanyiwa nini" ndilo lililonifumbua macho. Sura ya 25 ni ya mawe ghafi, au yaliyopasuliwa tu kwa msumeno kuwa magogo na mabamba ya pembe nne. Marumaru na travatini huko ni 2515. Jiwe likishafanyiwa kazi ya ujenzi kupita hapo linahamia 6802. Ndani ya 6802 kuna ngazi tena: marumaru na travatini iliyokatwa tu uso ukanyooka ni 6802.21, na iliyosuguliwa au kung'arishwa ni 6802.91. Vigae vyangu vilikuwa vimezibwa matundu na kusuguliwa vikawa laini bila kung'aa (kwa bwawa ndivyo inavyotakiwa, marumaru ya kung'aa ikilowa inavunja watu viuno). Basi 91. Muuzaji alikuwa ameandika kwa mkato tu, "travatini, vigae".

Kwenye mozaiki nilitoa futi kamba. Vipande vidogo vina mstari wao, 6802.10, na udogo wake umepimwa: uso mkubwa wa kipande uweze kuingia ndani ya mraba wenye upande usiofika sentimita 7. Boksi moja lilikuwa na vipande vya 5 kwa 5, vinaingia bila taabu. Boksi la pili vipande vyembamba, 2.5 kwa 10. Nikadhani wembamba utavipitisha. Akanijibu kwa ujumbe wa sauti, nasikia magari ya Mombasa nyuma yake: "Kilaze mshazari uone." Ukikilaza mshazari, mraba wa 7 una ulalo usiofika hata 10, kwa hiyo hakiingii. Mozaiki zile zile, wavu ule ule, gundi ile ile, mistari miwili tofauti. Akamrudishia muuzaji ankara, ikaandikwa upya mistari mitatu, kila mmoja na vipimo vyake, uzito wake na bei yake.

Nilipomuuliza kama kazi yote hii itanipunguzia ushuru, alisema haahidi kitu. Tarakimu sita za mwanzo zinatoka Shirika la Forodha Duniani, Jumuiya inaongeza mbili zikawa nane, na yeye kazi yake ni kuona jiwe linakaa mstari upi. Ajenti anayekuuliza unataka kulipa ngapi kabla hajauliza ulichobeba, mkimbie. Mzigo ukishatoka haina maana umepona: sheria ya forodha ya Jumuiya inawaruhusu watu wa forodha kukudai ushuru uliopungua hadi miaka 5 baadaye, na atakayedaiwa ni wewe mwenye mali. Na kama wao ndio wamekosea, una siku 30 za kuomba uamuzi upitiwe upya. Kwa jiwe la kutengenezwa, lile la chembe za marumaru zilizogandishwa kwa saruji au gundi, ambalo liko 6810, ananishauri tuombe uamuzi wa namba mapema, na sampuli tukapeleke, kabla ya kuagiza chochote.

Hesabu yake aliniandikia mstari kwa mstari: thamani ya mzigo pamoja na nauli na bima, ushuru juu yake, ada ya IDF (ya tamko la kuingiza mzigo), tozo ya reli, kisha VAT asilimia 16 ambayo inapigwa juu ya thamani ikiwa imeshaongezwa ushuru. Wateja wengi hapo kwenye VAT ndipo wanapogombana nami, wanadhani nimejiongezea. Sasa nawaonyesha karatasi.

Makosa yake. Simu hapokei mchana. Anajibu baada ya Isha, na anapenda kutuma sauti ndefu badala ya kuandika, nami duka lina kelele. Kwenye bili yake ya mwisho kulikuwa na mstari wa "gharama nyinginezo". Nikamwandikia, akanitumia risiti zote isipokuwa ya makuli. Si pesa nyingi, ila mtu aliyenitesa na futi kamba kwa ajili ya kipande cha mozaiki asingeniachia mstari kama huo. Na si rahisi. Wapo wa bei ya chini kuliko yeye, nawajua.

Halafu mjue mipaka yake. Yeye anaishia Mombasa. Bandari mpya ya Lamu imefunguliwa tangu Mei 2021, lakini kontena langu moja lilipitia Kilindini kama kawaida, likafunguliwa huko, vigae vikapanda lori hadi Mokowe, gati la bara la kuvukia kisiwani. Mashua, makuli na punda ni juu yako, na jiwe la unene ule ni kama kilo 30 kwa mita moja ya mraba, kwa hiyo patana na wenye punda kwa uzito, wala usitaje idadi ya maboksi.

Anayetaka kumtumia ampelekee ankara na orodha ya vifurushi zikiwa bado rasimu, kontena halijafungwa, na cheti cha ukaguzi cha KEBS, shirika la viwango la Kenya, kiwe kinashughulikiwa huko huko mzigo unakotoka. Ukimpigia mzigo umeshashuka Kilindini na ankara imeandikwa "vigae" tu, atakwambia hana nafasi.