Albamu tatu za kwanza za Black Sabbath: zirudie, ila punguza besi kwanza

Wengi hapa Nakuru wanaijua Black Sabbath, bendi ya roki ya Uingereza, kwa nyimbo mbili tu, "Paranoid" na "Iron Man", tena kupitia spika ya simu au wufa iliyopandishwa besi hadi mwisho. Bendi inaonewa hapo. Albamu zake tatu za kwanza si kelele iliyorundikwa. Ni watu wanne wanaopiga wakipishana, kila mmoja akimwachia mwenzake nafasi, na uzito wote unatoka kwenye nafasi hizo. Ozzy Osbourne, mwimbaji wao, alifariki tarehe 22 Julai 2025, siku 17 baada ya onyesho lao la mwisho katika uwanja wa Villa Park, Birmingham, na watu wengi wamerudi kuzisikiliza. Ni jambo jema, mradi zisikilizwe jinsi zilivyopigwa.

Tuanze na vifaa, maana ndipo mambo yanapoharibikia. Wufa nyingi za nyumbani zina sanduku moja kubwa la besi na spika ndogo mbili au tatu. Zinafaa sana kwa reggae na gengetone, ambako besi hukaa chini kabisa, peke yake. Geezer Butler, mpiga besi wa Sabbath, hapigi hivyo. Uzi mnene wa gita la besi, yaani E, hutetemeka mara 41 kwa sekunde, lakini ule mkwaruzo unaomtambulisha Geezer uko juu zaidi, kuanzia 100 hivi hadi mia kadhaa. Sehemu ya chini ya eneo hilo ndiyo humezwa: sanduku kubwa limeshaanza kuvimba na spika ndogo bado hazijashika. Ukiongeza besi unazidisha uvimbe, na Geezer anazidi kupotea.

Kwa hiyo rudisha kitufe cha besi hadi theluthi moja na uache cha sauti kali katikati. Toa sanduku kwenye kona ya chumba, nusu mita hivi kutoka ukutani, kwa sababu kona huongeza besi bila kuombwa. Weka spika ndogo usawa wa masikio, umbali wa mita mbili kati yake, na uzime ekwalaiza yoyote ya simu. Kisha cheza mwanzo wa "N.I.B.", ambapo Geezer yuko peke yake na pedali ya wa-wa, ile ya mguu inayofanya noti zilie "wa-wa". Kila noti ikisikika inapoanza na inapoisha, umefika. Zikiungana kuwa mngurumo mmoja, punguza tena.

Angalia pia kama pande zote mbili zinafanya kazi. Solo ya "Paranoid" imegawanywa: upande mmoja gita safi, upande wa pili gita lile lile likiwa limepitishwa kwenye kifaa kinacholipotosha hadi linalia kama limepasuka. Ikiwa waya wa upande mmoja umekatika utasikia nusu ya solo, na spika ndogo yenye upande mmoja tu huzichanganya pande hizo mbili hadi zikasongana. Ni kipimo kizuri cha fundi pia: ukirudishiwa redio iliyotengenezwa, cheza solo hiyo kabla ya kulipa.

Kuhusu bando, albamu zote tatu zina dakika 114 hivi: 38, 42 na 34. Kwa kiwango cha 320 kbps (kilobiti kwa sekunde) utatumia karibu MB 275, kwa 96 karibu MB 82. Kiwango cha chini hakidhuru besi wala sauti ya mwimbaji sana. Kinachoumia ni matoazi ya mpiga ngoma Bill Ward, ambayo hugeuka kuwa kama maji yanayochemka sufuriani, na Bill Ward bila matoazi ni nusu ya Bill Ward. Pakua nyumbani kwenye Wi-Fi kwa kiwango cha juu, usikilize njiani. Ukibonyeza gari likitoka stendi ya Nakuru kuelekea Kisumu, na malori ya Salgaa yasipowachelewesha, "Into the Void" itakuwa ikimalizika mkikaribia Kericho.

Albamu ya kwanza, *Black Sabbath*, ilitoka Uingereza Ijumaa tarehe 13 Februari 1970. Ilirekodiwa Oktoba 1969 katika studio ya Regent Sound, London, kwa siku moja. Prodyuza Rodger Bain na fundi mitambo Tom Allom waliwaacha wapige kama walivyokuwa wakipiga jukwaani, na hilo linasikika: kasi inapanda na kushuka kidogo, mtu anawahi, mwingine anamngoja. Tony Iommi alianza siku hiyo na gita la Stratocaster. Kinasa mlio cha gita hilo (pickup) kikafa baada ya wimbo mmoja, "Wicked World", akamalizia na Gibson SG. Mlio mnene wa katikati tunaoujua leo ni wa SG hiyo, pamoja na amplifaya ya Laney iliyosukumwa kwa kifaa kidogo cha kuongeza sauti kali.

Wimbo wa kwanza unafungua na mvua, kengele na radi. Usiusikilize mvua ya kweli ikipiga mabati, kwani mwanzo wote utapotea. Kisha zinaingia noti tatu: G, G ya juu, na C# katikati. Anayeshika gita anaweza kuzipata kwa urahisi: freti ya 3 kwenye uzi wa E mnene, freti ya 5 kwenye uzi wa D, freti ya 4 kwenye uzi wa A. Kutoka G hadi C# ni nusu toni sita, yaani katikati kabisa ya oktavu, na sikio halipati pa kutua. Iommi haishiki C# hiyo ikatulia, anaitetemesha. Baada ya kila mzunguko kuna pengo, na Ward anajaza pengo hilo kwa ngoma nene badala ya kuhesabu mdundo. Ozzy akianza kuimba, gita linashuka hadi karibu kunyamaza, halafu linarudi kwa nguvu zote. Hakuna kilichoongezwa hapo ila nafasi. Kwenye wufa iliyopandishwa besi, mngurumo wa noti ya kwanza hujaza pengo na wimbo wote hufa.

Wapo wanaoiogopa albamu hii kwa sababu ya dini, na wanastahili jibu la kweli. Msalaba uliopinduliwa ndani ya jalada la kwanza uliwekwa na kampuni ya rekodi bila kuwauliza wanabendi. Wimbo wenyewe ni wa mtu aliyeona kitu cha kutisha na kumlilia Mungu amsaidie. Geezer, aliyeandika maneno mengi, alilelewa katika nyumba ya Wakatoliki, na "After Forever" ya mwaka 1971 inamtetea Mungu waziwazi kuliko nyimbo nyingi za roki za wakati huo.

Tazama orodha ya nyimbo kabla ya kupakua. Toleo la Uingereza lina "Evil Woman", ambao si wimbo wao. La Marekani lina "Wicked World" mahali pake, na nyimbo kadhaa zimeunganishwa chini ya majina marefu. Tafuta lenye "Wicked World" hata kama ni wimbo wa nyongeza mwishoni. Matoazi ya mwanzo wake ni ya jazi kabisa, na yanakuambia Ward alilelewa na muziki gani. "Warning", unaozidi dakika kumi, nao ni wa kuazima, na kwa maoni yetu ndio sehemu dhaifu ya albamu. Solo inazunguka bila kufika.

Msikilizaji wa benga kutoka Kisumu au Siaya ana faida ambayo mashabiki wengi wa roki hawana: amezoea besi inayozungumza. Gita la Iommi likishika ule mkondo unaorudiwarudiwa, besi huenda nalo bega kwa bega. Likitoka kwenda solo, Geezer habaki nyuma akishikilia noti moja. Anaanza kupanda na kushuka, akijibu. Rudia solo za albamu hii ukimfuata yeye badala ya gita, nawe utashangaa ni mara ngapi wimbo unabebwa naye.

*Paranoid* ilifuata Septemba 1970 na kushika nafasi ya kwanza Uingereza. Ilikusudiwa kuitwa *War Pigs*. Wimbo "Paranoid" wenyewe uliandikwa haraka mwishoni, kujaza dakika zilizokosekana, ndiyo maana hauna hata dakika tatu na haufanani na zingine. Ni wimbo mzuri, lakini anayeupima muziki wa Sabbath kwa huo anapima nyumba kwa mlango wake. Kaa na "War Pigs", karibu dakika nane. Baada ya utangulizi wenye king'ora, gita linapiga mara mbili na kunyamaza, Ward anabaki na hai-hati, yale matoazi mawili yanayokutana, peke yake, na Ozzy anaimba juu ya ukimya huo akiwalaani majenerali. Wimbo ulitoka vita vya Vietnam vikiendelea. Mwishoni kasi inapanda ghafla hadi sauti inakuwa nyembamba. Si simu yako imeharibika. Mkanda uliongezwa mwendo studioni.

Mwanzo wa "Iron Man" nao huwasumbua wapiga gita. Ule mlio unaoteleza baada ya ngoma ya mguu haupatikani kwa kuvuta uzi kwenye freti. Iommi anapiga uzi wa E ukiwa wazi, kisha anausukuma kwa kidole upande wa kichwa cha gita, nyuma ya kile kipande chenye mifereji. Gita la bei nafuu hukwama hapo: mfereji ukiwa mwembamba, uzi haurudi sawa na gita zima linaacha kupatana. Sugua ncha ya penseli ndani ya mfereji kabla ya kujaribu.

"Planet Caravan" ndio utakaokuonyesha kama umepanga spika vizuri. Sauti ya Ozzy imepitishwa kwenye spika ya Leslie, ile inayozunguka, kuna ngoma za mkono na piano ya Tom Allom kwa mbali. Hakuna kitu kizito hapo. Ukiusikiliza kwa sauti ya chini usiku, piano isiposikika, rudi kwenye vitufe.

Kisha mwaka 1971, *Master of Reality*, na hii ndiyo bora ya zote tatu. Inafungua na kikohozi cha Iommi kilichorudiwarudiwa kwenye mkanda, halafu "Sweet Leaf" inaingia. Lakini jambo kubwa liko kwenye "Children of the Grave", "Lord of This World" na "Into the Void": Iommi alilegeza nyuzi kwa nusu toni tatu, na Geezer akamfuata. Uzi mnene wa gita ukashuka kutoka mitetemo 82 kwa sekunde hadi 69. Sababu iko mikononi mwake. Alipokuwa na miaka 17, mashine ya kiwandani ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, cha kati na cha pete, naye ni wa mkono wa kushoto, kwa hiyo hivyo ndivyo vidole vya kubonyeza nyuzi. Alijitengenezea vifuniko kwa plastiki ya chupa iliyoyeyushwa, akavizungushia ngozi, na kutumia nyuzi nyembamba. Nyuzi zilizolegezwa zilimpunguzia maumivu, zikaipa bendi mlio ambao wapigaji wa metali, yaani roki nzito, wameufuata tangu hapo.

Kwa wanaotaka kuupiga huku, nyuzi kutoka nene hadi nyembamba ni C#, F#, B, E, G#, C#. Seti ya kawaida ya 9 hadi 42 (unene wa nyuzi kwa sehemu za elfu za inchi) itapwaya na kugonga freti, na ukibonyeza kwa nguvu noti inapanda juu ya mahali pake. Mkono wa Iommi umezoea wepesi huo. Mkono wa kawaida utapata nafuu kwa seti ya 11 hadi 52. Baada ya kubadilisha, linganisha noti ya freti ya 12 na uzi ulio wazi. Zisipopatana, sogeza vishikio vya nyuzi kwenye daraja, na shingo ikipinda mpelekee fundi akaze chuma cha ndani. Kosa kubwa zaidi liko kwenye amplifaya: vijana hupandisha geini, kitufe cha kukwaruza mlio, hadi mwisho wakidhani uzito uko hapo. Iweke nusu, besi ya gita 4, katikati 7, sauti kali 5, na umwachie mpiga besi sakafu. Katika ukumbi wenye paa la mabati punguza sauti kali zaidi, kwani matoazi yatakuwa yameshajaza chumba.

"Orchid" na "Solitude", gita lisilo na umeme na filimbi, si za kurukwa. Bila huo utulivu, "Into the Void" isingeangukia sikio kwa kishindo kile.

Albamu ya nne, *Vol. 4* ya 1972, ilirekodiwa Los Angeles bila Rodger Bain, na mlio unasikika mwembamba, ngoma zikiwa zimesogezwa nyuma. "Supernaut" na "Snowblind" zinastahili bando lako. "Changes" ni piano na majonzi; anayeipenda anaipenda, sisi hatuirudii. Mwenye nafasi ya albamu moja tu kwenye simu achukue *Master of Reality*, na mwenye bendi aanze kufanya mazoezi na "Children of the Grave", kwa sababu mdundo wake ni rahisi kushika na unamfichua mara moja mpiga ngoma anayekimbiza mdundo.