Hoteli ya njiani Mombo, siku tuliyokula meza moja na wafiwa

Kila Desemba tunapanda Moshi, na kila mwaka mabishano ya kwanza ndani ya gari ni tunakula wapi. Chalinze tumeshakula, Segera tumeshakula, Korogwe ndiyo usiseme. Safari hii mume wangu alipitiliza kote huko kwa sababu watoto walikuwa wamelala, tukaja kusimama Mombo, kwenye hoteli moja yenye banda kubwa la makuti, kabla hujafika njia panda ya Lushoto. Tulikuwa watano: sisi wawili, watoto wawili na mama mkwe wangu.

Kwenye huduma nitasema ukweli. Wali kuku ni shilingi 9,000 sahani, kuku ni wa kienyeji kweli na mchuzi umekolea nazi, ila tulisubiri karibu saa nzima. Choo cha wanawake hakikuwa na maji, nikaomba ndoo. Hesabu nayo ilikuja na soda mbili ambazo hatukunywa. Nilipomwambia mhudumu akazifuta palepale bila ubishi. Ingekuwa ni hayo tu, ningewapa nyota tatu na nisingeandika kitu.

Tukiwa bado tunasubiri chakula, ikaingia Coaster, na nyuma yake Land Cruiser yenye shada la maua mbele, taa zinawaka mchana kweupe. Wakati huo spika mbili za pale bandani zilikuwa zinapiga bongo fleva hadi inabidi umsogelee mwenzio ndiyo akusikie. Akina mama wakaanza kushuka taratibu, wamejifunga kanga kiunoni, wengine wameshikwa mkono. Hata hawajaisha kushuka, muziki ukakatika. Mwenye hoteli, mama wa makamo, alitoka jikoni na mwiko mkononi, akaenda mwenyewe ukutani akazima spika, akazima na televisheni. Hakuna aliyemwomba. Kisha akamfuata dereva wa fuso aliyekuwa ameegesha chini ya mwembe, akamwomba apishe ili gari lenye mwili likae kivulini. Aliyewahi kupita Mombo saa saba mchana analijua jua la pale. Vijana wawili walibaki garini na marehemu, maana mwili hauachwi peke yake, naye akawapelekea chakula hukohuko, na birika la maji ya kunawa.

Meza hazikutosha. Mhudumu akaja kwetu ameinama kidogo: "Mama, samahani, naomba tuwakalishe wafiwa wawili hapa kwenu." Tukasogea. Wakaja mzee mmoja na binti wa miaka kama 25. Tukamwamkia mzee, tukawapa pole. "Tumeshapoa," akajibu mzee. Walikuwa wanampeleka mama wa yule binti Suji, Upareni. Alikuwa amekuja Dar kwa matibabu, akafia huko. Mzee ni baba mdogo wa binti.

Binti aliweka simu mbili mezani. Moja ilikuwa ndogo, ya vitufe, imefungwa mpira wa manjano ili betri isitoke. Kila baada ya dakika chache inaita. Anapokea, anasema, "Hapana, ni mwanawe. Mama ametutoka juzi." Anasikiliza, anasema "asante", anakata. Anashika kijiko. Inaita tena. Ilikuwa simu ya marehemu, na wanaopiga ni watu ambao hawajasikia, wanataka kuongea naye. Nilihesabu mara nne, na wali wake bado haujaguswa.

Mama mkwe wangu akamuuliza mzee, "Kumbe nyie ni Wapare?" Mzee akaitikia. "Basi mimi ni mtani wenu, Mchaga wa Marangu." Siku nyingine hapo yangefuata maneno ya ubahili na vicheko hadi chakula kipoe. Siku ile alinyoosha mkono tu. "Mwanangu, nipe hiyo simu. Wewe kula." Binti akamtazama baba yake mdogo, mzee akatikisa kichwa kukubali, simu ikavuka meza. Na kweli ikaita. Mama akapokea: "Haloo. Mimi ni mtani wa familia, niko nao hapa njiani. Ndiyo, ni kweli. Mazishi ni kesho, Suji." Aliuliza tarehe na saa kwa mzee mara moja tu, baada ya hapo akawa anawajibu watu kana kwamba amekaa nyumba hiyo miaka yote. Alipokea simu tano. Binti akamaliza sahani.

Mwenye hoteli akaleta birika la chai. Mzee akamshukuru, akasema wengi wao ni Wasabato, hawanywi majani ya chai. Badala ya kulirudisha birika akaishia hapo, yule mama alikwenda nyuma ya jiko, akakata mchaichai mbichi, na baada ya muda banda zima likanukia. Kila meza ya wafiwa ikapata. Chakula walilipa, mchaichai na maji aliwapa bure. Mimi nilimwona pia akimpisha mama mwenye mtoto mchanga kwenye chumba chake cha nyuma akanyonyeshe. Kwa hoteli ambayo choo chake hakina maji, sijui niwapange wapi, lakini najua mwakani nitasimama wapi.

Mume wangu alimpa mzee rambirambi kidogo kwa mikono miwili. Binti aliporudishiwa simu ya mama yake, aliifuta kwa kanga, akaiweka kifuani.

Wao walitangulia. Tuliwakuta baada ya Hedaru, wanakwenda polepole, taa zinawaka. Njia ilikuwa nyeupe, mume wangu akawasha indiketa ya kupita. "Usiwapite, baba," mama akamwambia. Tukakaa nyuma yao. Watoto wakauliza mbona tumepunguza mwendo, bibi yao akawajibu kwamba tunawasindikiza wenzetu. Hata basi la nyuma yetu lilipiga honi mara moja tu, likatulia.

Makanya wakakata kulia, njia ya kupanda milimani. Dirisha la Coaster likafunguka, ukatoka mkono umeshika kona ya kanga, ukapunga. Mama mkwe wangu alishusha kioo akapunga naye, na vumbi la njia ile likaingia garini hakuna aliyelisemea.