Mwaka mmoja wa darasa la Kichina kwa mwanangu: uzoefu wangu

Nilimwandikisha mwanangu wa miaka 8 kwa sababu ya biashara, sitaficha. Sisi ni watu wa Kariakoo. Shemeji yangu hufuata mzigo Guangzhou, China, na kila safari analipa mkalimani, nikaona huyu akikua atajisemea mwenyewe. Darasa ni Jumamosi asubuhi, kwa muda wa saa mbili nzima, watoto 9, ada sh. 60,000 kwa mwezi.

Faida niliyoiona kwanza ni sikio. Kichina kina toni nne: "ma" ukiivuta juu bila kuyumba ni mama, ukiishusha kisha ukaipandisha ni farasi. Miezi miwili mtoto alikuwa akirudiarudia hiyo tu, hadi kitandani. Siku hizi hata kwenye imla ya Kiswahili kalamu na karamu hazimchanganyi tena, na mimi naamini ni huko kusikiliza.

Halafu ukoo! Kiingereza cha shule kinawatia baba mkubwa, baba mdogo na mjomba kapu moja. Kichina kinawatenga kama sisi: bobo, shushu, jiujiu. Baba ni baba vilevile, na mama ni mama. Siku moja shemeji kaingia, mtoto akampa shikamoo, kisha akaongeza, "Karibu, bobo." Mzee wa watu alikaa palepale kwenye kiti cha mlangoni, akamwomba arudie mara tatu. Miezi nayo haikumsumbua: yi yue ni mwezi wa kwanza, er yue mwezi wa pili, kama tunavyohesabu wenyewe.

Kuandika ndiko kugumu. Daftari ni la miraba, kila mstari una zamu yake, wa kulala kabla ya wa kusimama, na mzazi usiyejua huwezi kumsaidia. Lakini juzi nasukuma chapati, akachora kwa kidole kwenye unga: alama moja, mti. Mbili pamoja, msitu. Tatu, msitu mnene. Nikaacha chapati nikamtazama.

Kilichoniudhi: katikati ya muhula walibadilisha mwalimu bila kutuambia wazazi. Mtoto alinyamaza darasani wiki tatu, akidhani yule wa kwanza amemkasirikia. Nimewaambia wahusika uso kwa uso kwamba mtoto anajifunza lugha kwa mtu anayemzoea. Muhula ujao nimeshalipa, mwalimu ni huyuhuyu, na bobo amejitolea kununua madaftari.