Waratibu waliotuandalia harusi ya kiangazi yenye sura yetu

Tulipokutana na waratibu wa harusi kwa mara ya kwanza, mimi na mchumba wangu tulitarajia kuulizwa rangi ya mapambo na idadi ya wageni. Badala yake tuliulizwa huwa tunafanya nini siku za mapumziko, ni nani kati yetu huanza kucheka tunapogombana, na ni jambo gani hutuchosha katika harusi za wengine. Majibu yetu, ambayo karibu yote yalihusu vitendawili, mchezo wa drafti na hotuba ndefu tusizozipenda, ndiyo yaliyozaa sherehe nzima.

Kila mgeni alipokewa kwa kadi yenye kitendawili, na jibu lake ndilo lililokuwa jina la meza yake. Tulivitunga wenyewe kutokana na visa vya uchumba wetu, lakini mratibu aliviondoa vyote ambavyo marafiki wa karibu tu wangeving'amua, akitukumbusha kwamba mgeni asiyeuelewa mzaha hujiona ametengwa. Nilimshukuru baadaye, kwa sababu watu wasiofahamiana walilazimika kuulizana kabla ya kuketi, na hata chakula kilipoanza kugawiwa, upande wa bibi harusi na ule wa bwana harusi ulikuwa umeshachanganyika. Chini ya mti palitandikwa kitambaa kikubwa kilichochorwa ubao wa drafti, chenye kete za ukubwa wa sahani, na watoto hawakubanduka hapo.

Hata hivyo, mchezo wote huo ungeharibika kama waratibu hawangelichukulia jua kwa uzito. Kiapo kilipangwa saa mbili kabla ya machweo, kwa kuwa mwanga wa adhuhuri hushuka wima, hutia kivuli machoni na kuwafanya watu wakunje nyuso kwenye picha. Mabaluni tuliyoyatamani walituzuia, wakieleza kwamba hewa iliyomo hutanuka kwa joto hadi yakapasuka. Wakatutengenezea vigurudumu vya karatasi vinavyozungushwa na upepo, ambavyo kwa kweli vilitufaa zaidi. Maua ya haidrenjia, ambayo hunyauka upesi yakikosa maji, yalibadilishwa kwa alizeti. Keki ya krimu ya siagi ilibaki kwenye jokofu hadi dakika ya kukatwa, na wageni walijulishwa mapema kwamba viatu vya visigino vyembamba vingezama kwenye nyasi.

Kasoro kubwa ilikuwa sauti. Vipaza sauti vilijaribiwa asubuhi, upepo ukiwa umetulia, na jioni ulipovuma, waliokaa safu za nyuma hawakusikia viapo vyetu, ambavyo tulikuwa tumeviandika kwa wiki kadhaa. Jambo hilo bado linaniuma, kwa maana mama yangu mkubwa alikuwa miongoni mwao. Atakayewaajiri kwa sherehe ya nje adai jaribio lifanyike saa ileile ya shughuli, na spika ziwekwe pia katikati ya wageni.

Ningewaajiri tena bila kusita, ingawa huduma yao haimfai kila mtu. Tulikaa nao vikao vitatu kabla hawajapendekeza hata pambo moja, kwa hiyo anayetaka kuchagua mandhari iliyokwisha kuandaliwa, alipe na aondoke, atawaona wazito.