Vyeti vya kifo vya baba na babu: uzoefu wangu Mbeya mjini na Tukuyu

Ukoo ulinikabidhi kufuatilia vyeti viwili vya kifo. Cha kwanza cha baba mzazi, mwalimu mstaafu, aliyefariki hospitalini hapa Mbeya mjini. Cha pili cha babu mzaa baba, aliyefariki Rungwe mwaka 1984, ambaye shamba la chai na migomba bado linasomeka kwa jina lake. Vyote viwili nimevipata. Naandika kwa sababu nimekutana na wajane waliochoka kuzungushwa, na vijana waliowapa vishoka, yaani madalali wasio rasmi, fedha za sherehe nzima kwa kazi ambayo wangeifanya wenyewe.

Nianze na maoni yangu, msiotaka kusoma yote. Kwa kifo kipya chenye karatasi zake, huduma ni nzuri na nimeridhika nayo. Kwa kifo cha zamani inawezekana, lakini sehemu kubwa ya kazi inafanyika nyumbani, kwa shangazi na kwa mzee wa kanisa, kabla hujaingia ofisi yoyote.

Kuna karatasi tatu ambazo watu huzichanganya. Kuna kibali cha mazishi, kinachokuruhusu kuzika. Kuna tangazo la kifo, linalojazwa hospitalini, au na mtendaji kama mtu amefia nyumbani. Halafu kuna cheti chenyewe, ambacho hutolewa kifo kikishaandikishwa. Nimemwona mama mmoja amekitunza kibali cha mazishi ndani ya Biblia muda mrefu akijua ndicho cheti, mpaka alipofika benki kufuatilia akiba ya mumewe akarudishwa. Inauma, kwa sababu siku ile ya msiba alikuwa na kila kitu mkononi, na hakuna aliyemwambia kwamba safari haijaisha.

Anayesajili vifo ni RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, ulioanzishwa 2006. Huna haja ya kwenda Dar es Salaam. Kazi hii inafanyika wilayani, ofisi ya Mkuu wa Wilaya, na maombi unaweza pia kuyaanzisha mwenyewe kwenye mfumo wao wa mtandaoni, eRITA. Sheria inataka kifo kiandikishwe ndani ya siku 30. Ukipita hapo hufungiwi mlango, ila viambatisho vinaongezeka: barua ya mtendaji, vitambulisho, maelezo ya waliokuwepo, na maswali ambayo mwezi wa kwanza usingeulizwa.

Jambo lililotuokoa sisi ni kujua kwamba kifo kinasajiliwa wilaya kilikotokea, si kule mlikozika. Baba tulimpeleka kumzika nyumbani Rungwe, kwa hiyo baba mdogo alikuwa na hakika kwamba cheti ni cha Tukuyu, makao ya wilaya ya Rungwe. Nikamwambia, "Baba mdogo, baba alikata roho mjini, cheti ni cha mjini." Hakukubali mpaka tulipouliza pamoja. Huku kwetu, ambako wagonjwa wa Kyela, Ileje, Mbarali mpaka Makete wanaletwa kutibiwa Mbeya mjini, hili linawapoteza watu wengi. Na wenzetu wa Busokelo mkumbuke kuwa halmashauri yenu ni ya kwenu lakini wilaya ni Rungwe, kwa hiyo aliyefia Lwangwa au Itete mnamfuatilia Tukuyu.

Kwenye tangazo la kifo la baba ndipo palipokuwa na tatizo. Hospitali, ambayo siitaji, ilikuwa imeandika jina lake la kwanza Ambakile. Baba aliitwa Ambokile, kuanzia kitambulisho cha NIDA mpaka karatasi za pensheni. Herufi moja. Mdogo wangu alisema tuache, siyo wakati wa kubishana na watu wa mochwari, mwili unasubiri. Mimi nilitoa kitambulisho cha baba kwenye pochi nikakiweka pale mezani kando ya fomu, nikamwomba yule kijana asome yote mawili kwa sauti. Alisoma, akanyamaza, akasema, "Pole dada, ngoja tuandike upya." Iliandikwa upya, ikapigwa muhuri, tukaondoka.

Kama herufi ile ingeingia kwenye daftari la usajili na kutokea kwenye cheti, tungekuwa tunatafuta hati ya kiapo cha majina kwa wakili ili kuthibitisha kwamba Ambakile na Ambokile ni mtu mmoja, tukiibeba kwenda nayo mahakamani, benki na PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma. Kwa majina yetu ya Kinyakyusa, kosa la namna hii ni la kila siku. Tusajigwe anaandikwa Tusajile, Anyosisye anakatwa "ye" mwishoni, na ukoo wenye Mwa- unapoteza silabi katikati. Kwa hiyo kabla ya kutoka hospitalini soma jina, umri, tarehe na mahali, herufi kwa herufi, na kitambulisho kiwe mkononi. Najua mko kwenye majonzi. Somea hapo hapo.

Baada ya hapo kazi ya baba ilikwenda vizuri. Nilijaza maombi, nikapewa namba ya malipo, nikalipa kwa simu nikiwa nimekaa dukani kwangu Mwanjelwa, na cheti kilipokuwa tayari niliitwa kukichukua. Lipa kwa namba hiyo peke yake. Yeyote anayekuambia umpe taslimu ili "asukume faili" ni kishoka, hata kama anajua majina ya maofisa wote. Yule dada aliyenihudumia alinisomea kila mstari wa cheti kabla ya kukichapa, akaniuliza mara mbili kazi ya marehemu. Nilimshukuru wakati ule na ninamshukuru tena hapa.

Sasa babu.

Watu wengi wanadhani kila aliyekufa yuko kwenye kitabu cha serikali mahali fulani, ni suala la kutafuta tu. Sivyo. Sheria ya usajili wa vizazi na vifo ni ya mwaka 1920, enzi za Mwingereza, na ulazima wake wakati ule uliwahusu wageni, Mwafrika hakulazimishwa. Baada ya uhuru ulazima ulipanuliwa, lakini kijijini watu waliendelea kuzika kama walivyozoea. Mtu akifia nyumbani, ngoma ya msiba inalia, majirani wanachimba kaburi, mchungaji anakuja, basi. Kwa hiyo kama mzee wenu alifia nyumbani miaka ya 1950 au 1960, jiandaeni kutokukuta chochote wilayani. Aliyefia hospitali, hata ya misheni, ana nafasi nzuri zaidi ya kuwemo. Babu alifia hospitali ya misheni, ndiyo maana tulikuwa na matumaini.

Shida ni kwamba madaftari ya zamani yamepangwa kwa mwaka na namba ya ingizo. Ukienda ukasema "babu alikufa miaka ya themanini mwanzoni," unamwomba mtumishi apekue kurasa za miaka mitano zenye mwandiko wa mkono wa watu tofauti. Hata awe na moyo wa namna gani, ana foleni nyuma yako. Ukienda na mwezi na mwaka, anafungua daftari moja.

Kwa hiyo nilianzia kwa shangazi. Msalaba wa kaburini ulikuwa umetengenezwa upya na vijana, na mwaka waliouandika shangazi aliukataa kabisa. Nilimwuliza tarehe, hajui. Nikamwuliza nini kingine kilikuwa kinatokea nchini. Hapo alikaa vizuri kwenye kigoda, akasema babu alizikwa mwaka aliokufa Sokoine, na si muda mrefu baada yake, maana kwenye msiba wanaume walikuwa bado wanazungumza habari ya ile ajali, redio ya mwalimu mmoja wa jirani ikiwa katikati yao. Sokoine, aliyekuwa Waziri Mkuu, alifariki tarehe 12 Aprili 1984 pale Dakawa, Morogoro. Shangazi akaongeza kwamba mvua ilikuwa bado kubwa, jeneza lilibebwa kwa mabega kwa sababu gari lilinasa. Kwa sisi wa Rungwe mvua kubwa ni Aprili na Mei. Tukawa tumetoka kwenye muongo mzima tukabaki na miezi miwili.

Tumieni njia hii. Waulizeni wazee kama ilikuwa kabla au baada ya Operesheni Vijiji, wakati reli ya TAZARA inajengwa, wakati wa vita vya Kagera vya 1978 na 1979, kabla ya Mwalimu Nyerere kung'atuka 1985. Mwulize bibi mtoto gani alikuwa mgongoni siku ya msiba, kisha tafuta kadi ya kliniki au cheti cha ubatizo cha mtoto huyo. Msiwadharau wazee kwa kutojua tarehe. Wanajua mpangilio wa mambo, na tarehe mtaipata wenyewe.

Kutoka hapo nilikwenda kanisani. Wamoravian wamekuwepo Rungwe tangu 1891, na utaratibu wa kuandika waumini, nani amebatizwa, nani amefunga ndoa, nani amelala katika Bwana, ni wa tangu zamani. Katibu wa ushirika, mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi, alinipokea kwa "ugonile", akaniketisha, akatoa kitabu chenye jalada la kitambaa lililolainika kwenye kona. Alipekua kwa kidole akisoma kimoyomoyo. Babu alikuwemo: jina la ubatizo, jina la ukoo, kijiji, siku ya mazishi, na jina la mwinjilisti aliyemzika. Ilikuwa Mei. Wino ulikuwa wa bluu iliyofifia, lakini unasomeka. Sikuruhusiwa kukitoa kitabu, na ni sawa kabisa. Aliniandikia barua yenye muhuri wa ushirika ikinukuu ingizo lile. Nilisema "ndaga fijo", asante sana, na nikaacha sadaka, ambayo hakuniomba. Wakatoliki nao wana vitabu vya namna hii parokiani, na wenzangu wa Iringa walioanzia huko wameniambia wamesaidika.

Barua ya kanisa haigeuki kuwa cheti cha kifo. Ni ushahidi. Inakusaidia kufungua daftari sahihi wilayani, na kama daftarini hamna kitu, inaungana na barua ya mtendaji na viapo vya waliokuwepo mnapoomba kuandikisha kifo kilichochelewa.

Ofisini nilipeleka mwaka, mwezi, jina la hospitali na majina yote ya babu kwa namna zote nilizoweza kufikiria yangeandikwa. Ingizo lilipatikana, na jina lake la ubatizo lilikuwa limeandikwa kwa tahajia ya Kijerumani kama lilivyokuwa kwenye kitabu cha kanisa. Bila ile barua tungelipita tukidhani ni mtu mwingine. Hapa niseme kwa msisitizo kwa wale ambao wazee wao walifia upande wa Kyela au Ileje: zamani maeneo hayo yalikuwa ndani ya wilaya ya Rungwe. Leo Kyela ni wilaya yake, na Ileje tangu 2016 iko mkoa wa Songwe. Mkikosa upande mmoja ulizeni na upande wa pili. Watu wa Makete na Njombe vivyo hivyo, maana mkoa wa Njombe ulitoka Iringa mwaka 2012.

Kitu ninachokitamani kiboreshwe ni umbali. Mkoa wetu wa Mbeya ndio ulioanza, 2013, mpango wa kuwaandikisha watoto wa chini ya miaka mitano, na cheti cha kuzaliwa mama anakipata kituo cha afya au ofisi ya kata, bure. Nimeona mabinti wa kijijini wakikipata siku ya kliniki. Naomba vifo navyo vifikishwe karibu namna hiyo. Mjane wa Kandete au wa mwambao wa Matema kupanda gari mpaka wilayani akiwa bado hajamaliza msiba ni mzigo mkubwa, na ndiyo sababu siku 30 zinapita.

Mpaka hilo litokee, kwenye kikao cha kwanza cha msiba, mnapogawana kazi za chakula, kaburi na wageni, mchagueni mtu mmoja wa karatasi. Awe anayejua kusoma vizuri na asiyeona haya kuuliza. Akabidhiwe kitambulisho cha marehemu siku hiyo hiyo.

Mkishapata cheti, toeni nakala na zithibitishwe mapema, halisi isitembee. Mahakama ya Mwanzo watakihitaji pamoja na muhtasari wa kikao cha ukoo mnapofungua mirathi, PSSSF watakihitaji, benki pia. Na kama kuna mdogo wenu anayeomba mkopo wa chuo, Bodi ya Mikopo inataka cheti cha kifo cha mzazi kilichohakikiwa na RITA, siyo nakala tu. Cha baba tulikihakiki kwa ajili ya mdogo wetu wa mwisho kupitia eRITA. Cha babu kimo kwenye jalada la mirathi Tukuyu, tangazo la mahakama limeshabandikwa, na shangazi ameniomba nimpitie siku ya kusikilizwa ili naye awepo.